Debe la Kuuzia na Pampu ya Ndege

Nachingwea, Jumapili, Oktoba 2008

Jua limewaka tangu saa mbili asubuhi na hakuna hata jani lililotikisika. Nina hasira, na wa kumkasirikia ni mmoja tu: mimi.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: uani kwangu kuna ndege ndogo ya viti viwili niliyoijenga kwa miaka sita, na injini yake ni ya gari dogo. Imekamilika, isipokuwa jambo moja. Injini inachemsha maji.

Pampu ya maji iliyokuja na injini ilizungushwa na mkanda. Niliiondoa kwa sababu puli yake iligusana na kitako cha propela, nikafunga pampu ya umeme inayotumia betri. Vitabu vyangu vinasema injini kama hii, ikivuta kwa nguvu zote, inahitaji lita arobaini za maji kwa dakika zipite kwenye rejeta. Basi mwezi uliopita nilipima kama nilivyofundishwa ujanani. Nilichomoa mpira unaorudisha maji, nikauelekeza kwenye debe, nikashika saa. Debe lilijaa kwa sekunde ishirini na nane. Debe ni lita ishirini; hesabu inatoa karibu lita arobaini na tatu kwa dakika. Nikaandika daftarini: pampu inatosha. Nikapiga mstari chini yake kwa wino mwekundu.

Mstari ule umeniondolea rafiki.

Saidi alirusha ndege za kunyunyizia dawa mashambani hadi alipostaafu na kurudi kwao Nkowe. Ni rubani pekee ninayemjua ambaye angekubali kukalia kitu nilichokijenga mimi, na leseni yake inakwisha Desemba. Macho yake hayatampa nyingine, amesema mwenyewe. Sharti lake lilikuwa moja: tuifunge ndege kwenye kisiki cha mkorosho, injini iungurume nusu saa kwa nguvu zote, na maji yasichemke.

Tumejaribu mara tatu. Hatukuwahi kufika dakika ya kumi na tano.

Baada ya jaribio la kwanza nilipanua tundu la kuingizia hewa. Baada ya la pili niliondoa themostati, kile kidude kinachobana njia ya maji injini ikiwa baridi. Mara ya tatu, Jumatano, Saidi alizima injini mwenyewe, akangoja mvuke upungue, akasema, "Mmakonde, umejenga birika. Lina mabawa, lakini ni birika."

Siku nyingine ningecheka. Yeye ni Mmwera, na amekuwa akinitania hivyo tangu nilipovuka Ruvuma nikiwa kijana mwenye furushi moja. Lakini rejeta ni kazi yake: aliitafuta, akaizibua, akaichomelea kwa mikono yake. Nikamjibu, "Birika ni hiyo rejeta yako. Mimi pampu nimeipima. Wewe umepima nini?"

Akaita bodaboda. Hakuaga.

Leo nilikuwa napima tena, kwa debe lile lile, ili nipate hoja ya kumshinda. Sina sababu ya kuficha hilo. Mke wangu, Mama Tausi, ambaye huuza mahindi na mbaazi sokoni, alipita akitoka kuanika nguo. Akasimama.

"Baba Tausi, umetia maji debe langu la biashara?"

"Napima pampu."

"Kwa hilo?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hilo la kuuzia, mume wangu! La kununulia liko kwa mdogo wangu. Wewe hujui hata madebe ya nyumbani kwako?"

Nikalimwaga, nikaligeuza. Kitako kilikuwa kimegongwa kuingia ndani, taratibu, kwa ustadi ambao fundi wa bati angeuonea wivu. Nikalijaza upya kwa chupa ya lita moja. Chupa ya kumi na saba ilipoingia, maji yakamwagika.

Lita kumi na saba. Pampu yangu inatoa thelathini na sita kwa dakika. Haitoshi, haijawahi kutosha, na rejeta ya Saidi ni nzima.

Hapa mkulima yeyote wa ufuta huligeuza debe la mnunuzi kabla hajamimina hata punje. Mimi nina zaidi ya miaka arobaini katika mji huu, nimekula ugali wa hizo lita tatu, na sikuwahi kuuliza. Anayehama akiwa kijana huvipenda vipimo, maana vipimo havimuulizi anatoka wapi. Nililiamini bati kuliko mtu aliyenipokea.

Mchana kutwa nimekuwa na mpango wa mwoga: niagize pampu kubwa Dar es Salaam, niifunge kimya kimya, kisha nimwite Saidi na kumwambia kulikuwa na kasoro ndogo. Pampu itachukua wiki tatu kufika. Ningeweza hata kumwacha aamini kwamba nimeirekebisha rejeta.

Nimeandika maneno ya kumwambia. Karatasi tatu. Zote zinaanza na pampu: volti zake, lita zake, kipenyo cha mpira. Nimezichana.

Kesho basi la kwenda Ruangwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nitashuka Nkowe, nibishe hodi, na neno la kwanza litakuwa jina lake, la pili nisamehe. Akitaka kujua habari za injini baada ya hapo, ataniuliza.