Wimbo wa Mama Ambao Mashoto Hakuurekodi

Ni mwaka mzima sasa, Baba, tangu chumba cha mbele kinyamaze.

Bendi ilikuita Mashoto, kwa kuwa gita ulilishika kinyume na watu wote. Miaka arobaini ulipiga jazi hotelini, harusini na redioni, na mazoezini hukuwahi kuchelewa hata siku moja. Nyumbani ulichelewa kila kitu, hata chakula ulichokiagiza mwenyewe.

Wanafunzi uliwakalisha mbele yako, goti kwa goti. "Nitazame kama unavyojitazama kwenye kioo," uliwaambia, maana kwa aliyekukabili mikono yako ilikaa sawasawa na yake. Mvivu wa kutumia vidole vyote ulimtania: "Kidole kimoja hakivunji chawa." Hukumfokea mtu, na tulikupenda kwa hilo.

Ulipoondoka, jambo moja lilituuma. Ule wimbo uliomtungia Mama kabla hamjaoana hukuurekodi. Ulisema ni wa nyumbani. Mwezi uliopita wenzako walikuja sebuleni kuutafuta, wapate kuupiga siku ya leo. Mpiga besi alikumbuka mwanzo, mpiga saksafoni akakumbuka mwisho. Katikati hakuna aliyepajua. Walihangaika mpaka chai ikapoa, nasi tukajua basi tena, umekwenda nao.

Mama alikuwa pembeni anapiga pasi. Akaizima, akakaa kitini pako, akamgeukia mpiga besi aliyekuwa akijaribu kwa gita la wanafunzi.

"Shemeji, hebu nipe hilo gita."

Hakuwahi kushika gita maishani. Nyuzi zilimuuma, sauti ikakwaruza, lakini vidole vilijua pa kukaa: hapa, kisha hapa, kisha pale juu. Mpiga saksafoni akaanza kumfuata taratibu. Sehemu ya katikati ikatoka yote. Tulibaki midomo wazi.

"Nani kakufundisha, shemeji?" mpiga besi akauliza.

"Miaka thelathini na minane nimekaa mbele yake," Mama akasema. "Mlidhani nilikuwa natazama nini?"

Tulicheka, Baba, tukalia kidogo, tukacheka tena. Leo jioni bendi itaupiga, na pale katikati wote watanyamaza wamwachie Mama.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, wakweo, dada yako anayedai ndiye aliyekununulia gita la kwanza, wajukuu, na bendi nzima.

Tutakukumbuka daima, Mashoto wetu, na wimbo wako tunao wote.