Salamat Si Salama

Zuhura mjukuu wangu, salamu zikufikie huko Marekani. Sisi Dubai wazima, ila goti langu tu. Mama yako kaleta ndimu kutoka milimani Hatta, mdogo wako anaandika haya huku anacheka.

Umeuliza, Wamarekani wa zamani walipotwaa visiwa vya watu, wenyeji walibaki na nini chao? Na unahofu mwanao atakua na Kiingereza kitupu.

Mie sijasoma, lakini ujanani nilishona nguo kiwandani, hapa Al Quoz, pamoja na Luz, Mfilipino, tukisemezana Kiarabu cha kuungaunga. Kila nikimpa uzi, "Salamat!" Nami, "Salama, wewe je?" Miezi! Siku moja akaangua kicheko: "Habibti, nakushukuru, sikuulizi hali!" Kumbe kwao salamat ndiyo asante. Alikijua na Kiingereza; nikamuuliza, kakitoa wapi? Akasema visiwa vyao Wahispania walivitawala, Wamarekani wakaja wakawatoa Wahispania, halafu khalas, wakakaa wao, na skuli zao za Kiingereza.

"Na salamat?"

"Hiyo ya bibi yangu, jikoni."

Basi usiogope, mwanangu. Ukimpa mtoto kijiko, ngoja aseme asante. Akisema tenkyu, usikiachie kwanza.