Kaka Yangu Anagawa Nyimbo Zangu Bure

Shangazi Radka, nishike mkono maana nimefika mwisho,

Mimi ni mwimbaji hapa Plovdiv, Bulgaria, na albamu yangu ya kwanza nimeihangaikia miaka, Jumamosi naimba harusini, Jumapili narekodi, pamoja na Mitko anayenipigia gadulka, ile fidla yetu ya kienyeji, na ilipotoka tu kaka yangu Kamen akaitupia yote kwenye kundi lake la simu lenye maelfu ya watu, wakaipakua, wakasambaziana, na nilipompigia nikilia akacheka, "We Zornitsa, acha ubahili! Nimekutangaza, ilibidi uninunulie glasi ya rakia!" Nikanyamaza kwa sababu ni kaka, na mama naye akasema, "Wimbo si jibini useme umeliwa ukaisha. Mtagombana kwa upepo?" Basi mwezi uliopita tukafanya onyesho, kiingilio bure, watu wakajaa hadi kwenye ngazi, wakaimba nami neno kwa neno, lakini meza ya diski pale mlangoni hakuna aliyeigusa, na mama mmoja akanikumbatia huku analia, akaniambia, "Nilimzika mume wangu kwa wimbo wako, mwanangu. Mungu ambariki aliyeuweka bure," nami nikamwambia asante, mama, asante! Kesho yake Mitko akauza gadulka yake, akapanda basi la Ujerumani kwenda kufanya kazi ya kufungasha mizigo ghalani, akaniambia, "Nyimbo zetu wanazijua wote. Mimi hakuna anayenijua." Sasa binti wa Kamen anaolewa, na wanataka nikaimbe. Nimshtaki kaka yangu, au niache kuimba?

Zornitsa

Zornitsa,

Pole. Umeibiwa, tena na mtu mnayekula naye banitsa meza moja. Lakini nami nitakuuma kidogo. Kiingilio bure aliweka nani, Kamen? Na yule mjane ulikuwa naye kifuani, ukamshukuru kwa kumwombea baraka mwizi wako! Ungemwambia, "Mama, aliyeuweka aliniibia. Kama wimbo ulikufaa, nilipe mimi." Angelipa palepale, na angewaambia majirani. Wengi waliozipakua si watu wabaya. Hakuna aliyewaambia walipe wapi, nawe umekaa kimya kama bibi harusi.

Mpe Kamen nafasi moja, mama akisikia: afute, kisha aandike kwenye kundi hilohilo nyimbo ni za nani na zinalipiwa wapi. Akikataa, peleka malalamiko kwa wenye mtandao, wala usiombe radhi. Kuimba usiache. Fungua ukurasa wako mwenyewe, uza humo, na jina la Mitko liandike kubwa kama lako. Fungu lake limfuate hukohuko Ujerumani. Na jukwaani sema kwa mdomo wako, bila kutazama chini, kwamba anayekupenda akulipe mkononi.

Harusini nenda kama shangazi: kaa, kula, cheza. Wakitaka wimbo, taja bei kwanza. Kamen akikuuliza mbele ya wageni kama huna aibu, mjibu wasikie wote: "Nilikuwa nayo. Imenipotezea Mitko."