Taa ya Mafuta

Jumapili, 24 Agosti

Nimefungua boneti kabla ya kwenda kanisani. Oili iko katikati ya alama mbili. Maji yamejaa. Tairi la nyuma kushoto linapungua upepo polepole — msumari, nadhani. Majirani wanapita wananitazama kama kawaida yao. Mjane, kichwa ndani ya injini, siku ya Bwana. Watazame. Marehemu mume wangu Gervasi aliniachia gari moja na tabia moja: pima kabla ya kuwasha. Gari limezeeka lakini halijawahi kuniaibisha barabarani.

Shule zinafunguliwa katikati ya Septemba. Wazazi wa watoto ninaowapeleka asubuhi wameshaanza kunipigia, eti nipo mwaka huu? Nipo. Gari likiwepo na mimi nipo.

Jumanne, 26 Agosti

Audax amekuja. Shemeji yangu huyu haji bila shida. Anataka gari aende Muyinga, kuna posa ya binti wa dada yao, na yeye hawezi kufika kwa wakwe akishuka kwenye basi. Lami tupu, anasema, kwenda na kurudi. Mama mkwe alikuja naye. Ameuliza, huku anatazama ukuta, kama gari la Gervasi si gari la familia.

La Gervasi! Tangu tumzike ni mimi ninayelilisha na kulinywesha, lakini bado ni la Gervasi.

Nimempa. Ningefanyaje? Nimemwonyesha kijiti cha kupimia oili, akacheka. "Shemeji, we mtu wa Tanzania. Oili, oili. Huku tunasema huile." Nimezaliwa kule, kwenye kambi ya wakimbizi, sawa. Nikarudi Burundi, nikaolewa, nikazika mume hapa hapa Gitega. Bado ni mtu wa Tanzania.

Esansi, yaani petroli, amejitafutia mwenyewe. Kwa foleni za siku hizi, hilo namshukuru.

Alhamisi, 28 Agosti

Audax alipiga simu mchana, nilikuwa nafua. "Shemeji, taa ya mafuta iko inawaka. Niendeleye ao nisimame?" Nikasikia sauti za watu nyuma yake, Melania, wifi yangu, alikuwa naye garini. Nikamwambia asijali, aendelee tu, ikiwaka bado kuna mwendo, atatafuta akifika Ngozi. Akasema asante. Huyu mtu hashukuru hata akipakuliwa chakula.

Jioni simu tena. Gari limezimika karibu na Gashoho. Limelia chuma kwa chuma, moshi, basi. Wamelivuta kulirudisha Muyinga.

Haikuwa esansi. Ilikuwa oili. Kule nilikokulia, ukisema mafuta ya gari unamaanisha esansi, unafika kituoni unasema nijazie mafuta. Kwa hawa mafuta ni yale ya kupikia na yale ya injini. Neno moja tu. Ningeuliza rangi! Taa ya esansi ni ya njano. Ya oili ni nyekundu, na nyekundu unazima hapo hapo, huendi hata hatua moja. Mimi ninayepima kila Jumapili nimeua injini yangu kwa mdomo wangu.

Ijumaa, 29 Agosti

Ukoo mzima unajua. Ni mimi wanayenisema: "Vumilia mwenyewe alisema aendelee." Melania anaapa alisikia kwa masikio yake, maana Audax aliweka simu sauti kubwa, gari zima lilisikia. Mama mkwe anasema hawa rapatriye, sisi tuliorudi kutoka ukimbizini, Kiswahili wanacho kingi, akili ndiyo waliisahau kambini.

Nimelia jikoni, nikaosha uso, nikapika.

Jumapili, 31 Agosti

Hakuna boneti ya kufungua. Nimetoka nje saa ile ile, nikasimama mahali gari hulala. Vumbi kavu. Hakuna doa la oili hata moja.

Halijawahi kuvuja. Na Jumapili iliyopita nilipima mwenyewe. Sasa oili yote ilikwenda wapi?

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda Muyinga kwa basi. Fundi anaitwa Uthmani, mpole, kofia ya darizi imejaa grisi. "Pole, mama. Moteri imekamata. Haizunguke tena." Nikatandika kitenge nikaingia chini ya gari mwenyewe. Akasema nitachafuka. Nimeshachafuka, nikamwambia.

Karteri, lile bakuli la chuma linaloshika oili chini ya injini, limepasuka. Jiwe. Lami gani ina mawe? Halafu vumbi jekundu hadi kwenye milango, na ndani ya buti punje za mahindi. Uthmani amekiri kwa shida kwamba gari lilionekana Giteranyi, huko kwenye barabara ya vumbi, limepakia magunia.

Lakini si hayo. Ndani ya ule ufa kuna sabuni. Sabuni ya kufulia, imekandamizwa kwa kidole gumba, alama ya kidole bado ipo. Upande mmoja umeyeyuka kwa joto. Nimemuuliza Uthmani kama ni yeye. "Hapana, mama. Mi sijagusa. Ilikuja hivi."

Basi alijua. Mtu hazibi tundu bila kujua kinachotoka ni nini. Aliziba, akaendesha, taa ikawaka, ndipo akanipigia. Akaweka sauti kubwa wote wasikie. Na yeye, yeye wa "huku tunasema huile", siku hiyo akasema mafuta. Neno langu, akijua nitasikia esansi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimeichomoa ile sabuni nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Njia nzima ya kurudi nimeishika.

Jumamosi, 6 Septemba

Wako sebuleni sasa hivi. Audax, mama mkwe, na mwanamume anayeitwa Saidi, ananunua magari mabovu kwa ajili ya vipuri. Kumbe walishaongea zamani. Audax anasema gari lililokufa halina kazi, bora liuzwe, familia igawane. Amenipa pole, akasema hakuna anayenilaumu, ni lugha tu. Lugha tu!

Wamenituma nilete kadi ya gari. Ninayo hapa mkononi, nimekaa kitandani naandika. Wasubiri.

Chai nimeshawapelekea. Kwenye sinia, kando ya sukari, nimeweka kisahani chenye ile sabuni. Upande wenye alama ya kidole nimeuelekeza kwa Audax.

Nasikia vijiko. Mama mkwe anauliza sabuni hii ni ya nini kwenye chai. Saidi anacheka, naye anauliza.

Audax hajauliza.