Ubao Mweusi wa Kinanda

Jumamosi, Kilosa.

Baba Neema amejua kitambo, akanificha mimi mkewe.

Kinanda chake cha mdomo kilikuwa kinakwama. Ubao wa ndani, wenye vitundu vya kupitisha pumzi, umevimba. Leo tumekwenda kwa fundi redio, karibu na stesheni, kuchagua mwingine.

Fundi alikifungua mbele yetu. Ubao ulikuwa na madoa mekundu yaliyokauka, kwenye karibu kila kitundu.

“Kutu hiyo,” mume wangu akasema haraka.

“Mzee, ubao haushiki kutu,” fundi akajibu, akinitazama mimi.

Akatuwekea mbao mpya mbili mezani, mmoja wa mninga na mmoja wa plastiki nyeusi. Miaka yote Baba Neema husema kinanda kisicho na mti hakina roho. Leo mninga hakuugusa.

“Nipe huo mweusi. Hauonyeshi uchafu.”

Njiani nikamwambia, “Jumatatu twende hospitali.”

“Mama Neema, ni vumbi la mahindi tu.” Kisha akanipa mgongo, akakohoa hadi akashika ukuta wa nyumba ya watu.

Sasa yuko uani, anakijaribu. Katikati ya wimbo amenyamaza. Niliacha kuandika, nikangoja aendelee.

Hajaendelea.