Kuku Wako Wameonekana Kutoka Angani

Baba Adhiambo,

Mimi ni mzima, ila joto la Homa Bay linanipika pamoja na samaki wao. Leo binti yako amenipeleka ofisini kwake. Mtoto wangu anasoma picha zilizopigwa kutoka angani! Wanahesabu nyumba, wajue watu wamesambaa wapi na miti imeisha wapi. Kesho ramani inakwenda kwa serikali za kaunti, wapange visima. Nikasema, "Nionyesheni kwangu Awendo."

Bosi wake akagusa paa linalong'aa kwenye kompyuta. "Hapa wanaishi watu, mama."

"Hapo wanaishi kuku," nikamjibu.

Ni yale mabati mapya uliyowawekea! Nyumba yetu, kwa vile paa lake lina kutu, walidhani ni udongo. Kumbe hatukuhesabiwa, mzee wangu.

Adhiambo alicheka mpaka machozi, kisha akaniambia, "Mama, weka kidole." Nikaweka. Nikaonyesha na majirani wote wenye kutu, wasomi wakiandika ninavyosema. Na wewe hunikumbusha kila siku kwamba niliishia darasa la saba!

Sasa tumo kwenye ramani. Ila nikirudi ninahamia kwa kuku, nao watalala na wewe.

Kula vizuri, mume wangu. Nakukumbuka sana.

Mama Adhiambo