Nguzo ya Papa Hubert

Kijiji cha Wagenya, karibu na Stanleyville,
Tarehe 9 Februari 1956

Mpendwa Yaya Félicien, kaka yangu mukubwa,

Jambo sana. Uko muzima huko Élisabethville? Na muke yako Lucie, mugongo yake imepoa? Sisi huku tuko, Mungu anasaidia. Samaki wanapatikana, mama anakula vizuri, na kikohozi imemuacha.

Bon, nimekusalimia. Sasa unisikilize.

Jumapili padri mupya alisoma barua yako mbele ya watu wote. Umemuandikia kwamba nguzo ya marehemu papa yetu Hubert ing'olewe, kanisa ya miti ibomolewe, ijengwe ya matofali. Yaya, niliona haya mpaka nikainama.

Umesahau? Kanisa hii wazee waliisimamisha mwaka 1912. Sanduku ya misumari ya padri wa kwanza ilizama kwenye maporomoko, naye akataka kungojea meli ingine. Wazee wakakataa kungoja. Walisimamisha nguzo kumi na mbili, namna wanavyosimamisha miti ya mitego ya samaki katikati ya maji makali, wakafunga yote kwa kamba za porini, wakaezeka majani ya ndele. Altare ni nusu ya mutumbwi wa babu. Kengele ni kipande ya reli ya Ponthierville. Musumari hata moja hakuna. Upepo ikija, kanisa inalia, inayumba, halafu inatulia.

Na kila nguzo iko na jamaa yake. Kila kiangazi jamaa inakata kamba zilizochoka, inafunga mupya, wala hakuna mutu anayegusa fundo ya jamaa ingine. Jamaa kumi na moja zilimukatalia padri. Wewe peke yako, murithi wa papa, uliye mbali, ulikubali. Na unajua vizuri: nguzo moja ikitoka, paa yote inashuka.

Unaandika eti nyumba bila misumari ni haya kwa wakristo! Maji inapiga miti yetu ya mitego kila siku, na miti inasimama. Haya iko wapi?

Alors, Jumatatu nilikwenda porini pamoja na Tonton Alphonse, mujomba wetu, kukata kamba. Jumanne nikapanda mimi mwenyewe, mwanamuke, nikafunga nguzo ya papa. Wanaume wengine walicheka. Tonton akanishikia ngazi. Mikono ilitoka damu. Padri akaja, akaniuliza nani amenipa ruhusa.

Nikamujibu: "Hata mimi papa alinizaa."

Jana watu wa padri walifika na mashoka. Walikuta kila jamaa kwenye nguzo yake, na mimi kwenye yetu. Wakarudi. Padri anasema watakuja tena baada ya Pasaka. Wakuje tu, watatukuta.

Sikuchukii, Yaya, lakini umeniumiza. Fundo ile sasa ni yangu, na barua haiwezi kuifungua. Ukitaka ikatwe, panda treni, panda meli, ukuje uikate kwa mikono yako, mama akikuangalia.

Tonton Alphonse anakusalimia, na Philomène muke yake, na watoto wote. Mungu akuchunge wewe na nyumba yako.

Ni mimi dada yako, ningali nakupenda,
Honorine